Uwanja wa Mpira Niliouunguza

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: ile skrini ilikuwa imeshakufa kabla sijaigusa, au niliiua mimi?

Nyinyi vijana mnaobadilisha skrini za simu kwa muda wa mteja kumaliza soda mnaweza kucheka. Skrini ni skrini. Ikifa unang'oa, unapachika nyingine, mtu anaondoka na simu yake. Lakini mimi nazungumzia Mbeya, mwishoni mwa miaka ya sabini, wakati mtaa mzima haukuwa na televisheni hata moja na neno skrini tulilijua kwa ajili ya sinema tu. Tangu hapo hadi nilipoacha kazi nimebadilisha skrini nyingi ambazo sizikumbuki kabisa. Hiyo moja naikumbuka kila skrubu.

Niwaambie kwanza nilikuwa mtu wa namna gani, kwa sababu kosa lenyewe lilitoka hapo. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi Dar es Salaam na stashahada yangu ya umeme ndani ya bahasha, na nilikuwa mtu wa kuwaza. Nikifunga kufuli la chumba, nikifika kona narudi kulitikisa. Nikizima pasi ya kulehemu, nashika waya wake mara tatu kuhakikisha umechomolewa. Kabla ya kumsalimu mama mwenye nyumba asubuhi nilipanga kichwani nitasema nini akijibu hivi na nitasema nini akijibu vile. Mara nyingi nilipomaliza kupanga, yeye alikuwa ameshaingia ndani.

Kwetu ni Kilolo, upande wa Iringa. Pale Mbeya sikuwa na ndugu wala mwenzangu wa chuoni. Mtaani watu walisalimiana kwa Kinyakyusa, "Ugonile," wakacheka, wakaendelea na habari zao, na mimi na "Kamwene" yangu ya Kihehe sikuwa na wa kumpa. Nilikula nikitazama ukuta. Zilikuwepo siku ambazo neno langu la kwanza nililisema saa nne asubuhi, na neno lenyewe lilikuwa "Bisibisi."

Nililisema kwa Mzee Sudi, mwenye karakana. Babu yake alipanda na biashara ya nguo kutoka Kilwa, lakini yeye alizaliwa palepale Mbeya na mpaka uzee wake hakukubaliana na baridi ya pale. Alivaa koti la jeshi juu ya kanzu. Mimi aliniita Msomi, na si kwa kunisifu.

"Msomi, unaiangalia hiyo redio tangu asubuhi. Unataka kuioa?"

"Nawaza, mzee."

"Waza na mkono ukiwa ndani. Redio haijui kusoma."

Alinifundisha mambo ambayo chuo hakikuyajua. Kuchora kifaa kwenye karatasi kabla ya kukifungua, na kuiweka kila skrubu juu ya mchoro mahali ilipotoka. Kunusa kabla ya kupima, kwa sababu kilichoungua kinajitaja chenyewe. Na kuliko yote, alinifundisha jiko. Miezi ya baridi, ukungu ukishuka kutoka mlimani, nusu ya redio zilizoletwa kwetu hazikuwa na ugonjwa wowote. "Hapa redio haziugui," alikuwa akisema, "zinapata mafua." Alifungua mgongo wa redio, akaiweka umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye jiko la mkaa, halafu akanywa kahawa. Kikombe kimoja. Kahawa ikiisha, redio inarudi mezani, na mara nyingi ilikuwa imeshapona. Umbali wa mkono, kikombe kimoja. Niliona kazi hiyo ikifanyika mara nyingi sana na sikuona hata mara moja ikiharibika.

Alikuwa na sheria nyingine pia, aliyoniambia siku ya pili tu. "Chochote kitakachofia mezani kwetu, kilikuja kimekufa. Umenielewa?" Nilimwambia nimemwelewa.

Basi Alhamisi moja ya mwezi wa saba akaingia mzee amefunga kitu ndani ya aproni nyeupe. Alikuwa mrefu, viatu vimeng'arishwa, na aliongea kama mtu anayeogopa kuamsha watoto. Jina lake Ambakisye, Mnyakyusa wa Tukuyu, mpishi katika nyumba ya mtaalamu wa chai, mgeni kutoka Ulaya, kwenye shamba moja huko Igowole, Mufindi. Bosi na familia yake walikuwa kwao likizo. Mzee Ambakisye alikuwa njiani kwenda Tukuyu kuwasalimu watu wake, na angepita tena Mbeya Jumatatu ya pili, baada ya siku kumi na moja.

Akafungua aproni. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Kilikuwa cha plastiki, kinaenea kiganjani, kina vitufe vinne, dirisha jekundu refu kama kidole, na jingine dogo pembeni la kuhesabu magoli. Alibonyeza swichi. Kikatoa mlio mwembamba, na ndani ya dirisha vikawaka vistari vyekundu.

"Ni mpira," alinong'ona. "Hivi vistari ni watu. Kile kinachong'aa zaidi ndiyo wewe. Unawakwepa hawa mpaka golini. Walikuwa safu tatu, mwanangu. Sasa imebaki hii ya juu tu, na yenyewe imefifia. Huku kati na chini kumekufa."

"Ni cha nani?"

"Cha binti wa bosi." Akamtazama Mzee Sudi, ambaye alikuwa anabishana na mteja mlangoni, kisha akainama karibu yangu. "Nilikuwa nacheza, kijana. Mzee mzima. Nyumba ile ni kubwa, wao wameondoka, nikimaliza kupiga deki hakuna hata wa kumwambia nimemaliza. Nikakiona kwenye rafu. Siku ya kwanza nilikifuta vumbi tu. Siku ya pili nikakiwasha. Wiki ya tatu nilikuwa nimefunga magoli mpaka vidole vinauma. Halafu nikamwaga chai juu yake."

Nilitaka kucheka na sikuweza, kwa sababu nilimwelewa mno.

"Bosi hana ugomvi," alisema, "ila ana jambo moja. Kitu chake kisiguswe. Mtunza bustani alifukuzwa kwa ajili ya baiskeli, aliipanda mara moja tu kwenda dukani. Na mimi ninakaa kwenye nyumba ya shamba. Nikifukuzwa kazi nimefukuzwa na kitanda."

Hilo ndilo lililokuwa mezani, vijana. Msilisahau. Si kidude. Kazi ya mzee na mahali pake pa kulala.

Kesho yake Ijumaa, Mzee Sudi akaenda msikitini na mimi nikabaki peke yangu. Nilichora, nikapanga skrubu zangu nne juu ya mchoro, nikafungua. Ndani palinukia sukari. Chai ilikuwa imeingia kwenye ukingo wa swichi na kutambaa mpaka chini ya kona moja ya bodi, ikakauka na kunata. Leo ningemwambia yeyote kati yenu: spiriti na mswaki laini, sugua taratibu, subiri, pima tena. Asilimia kubwa ya kazi ni kusafisha. Lakini nilikuwa nimeona jiko likiponya redio nyingi mno. Nikaona unyevu, nikawaza jiko. Nikakiweka umbali wa mkono mmoja, nikamimina kahawa.

Nikiwa nusu ya kikombe, nikaanza kuwaza kama nimefunga kufuli la chumba.

Nilijua nimelifunga. Nilikuwa nimelitikisa. Lakini sikukumbuka kulitikisa mara ya pili, na wazo lilipoingia halikutoka. Chumba hakikuwa mbali. Nikasema nitakimbia na kurudi kabla kahawa haijapoa.

Kufuli lilikuwa limefungwa. Mama mwenye nyumba alikuwa uani anachambua maharage. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie pale akasema, "Wewe fundi, kila siku unapita kama mwizi. Kaa basi unywe togwa."

Nikakaa.

Jambo hili sikumwambia mtu kwa miaka mingi, kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilifurahi. Aliniuliza kwetu wapi, nikasema Kilolo, akasema Wahehe wanapenda nyama ya mbwa, nikasema si wote, akacheka mpaka maharage yakamwagika, nikamsaidia kuyaokota. Akaniuliza kama mama yangu yuko hai. Nilikuwa sijaulizwa chochote na mtu kwa muda mrefu hivi kwamba nilijibu hata yale ambayo hakuuliza. Togwa iliisha, akaniongeza.

Nilipofika karakana nilinusa kabla sijaingia. Plastiki iliyoungua inajitaja yenyewe.

Dirisha jekundu lilikuwa limelegea kama utando wa maziwa na kulalia skrini. Bodi ndogo yenye vistari ilikuwa imejikunja, na nyaya zake nyembamba kuliko unywele zilikuwa zimekatika. Nilibonyeza swichi. Mlio ukatoka, uleule, na dirisha dogo la magoli kule pembeni likaandika sifuri. Uwanja ulikuwa giza. Hata ile safu ya juu.

Mzee Sudi aliporudi akakitazama, akavua kofia, akakuna kichwa.

"Vikombe vingapi, Msomi?"

"Nilitoka kidogo, mzee."

"Kidogo!" Akakishika kwa ncha za vidole. "Hiki hata mkaa umekionea huruma. Haya. Kililetwa kina chai?"

"Kina chai."

"Safu mbili zimekufa?"

"Ndiyo, lakini ya juu ilikuwa..."

"Ilikuwa inakufa. Chai ya maziwa, sukari vijiko vitatu, hao wapishi nawajua. Ingekaa siku mbili? Tatu? Kilikuja kimekufa. Mwambie hivyo."

Hapo ndipo swali lilipoanza. Alikuwa amenipa shaka, na mimi shaka nilikuwa naijua kuifuga. Pengine safu ya juu ilikuwa inakufa kweli. Pengine ningesafisha na spiriti na zote tatu zingewaka. Nilijilaza nikahesabu pande zote mbili, nikaamka nikahesabu tena. Kama ingekufa hata bila mimi, basi sikuwa na kosa. Kama isingekufa, basi mzee wa watu alikuwa anapoteza kitanda kwa sababu mimi nilikunywa togwa. Na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kuniambia ni ipi kati ya hizo mbili, maana shahidi alikuwa ameungua.

Niseme kidogo kuhusu kazi yenyewe, kwa kuwa wengi wenu mmekuja kusoma hilo.

Skrini nyingine kama ile haikuwepo Mbeya. Haikuwepo Iringa, na nadhani haikuwepo Dar es Salaam. Nilikuwa na kitu kimoja tu chenye taa nyekundu za aina ile, kalkuleta yangu. Dada yangu Oliva alikuwa anauza nyanya barabarani Ilula, na siku moja gari la mpima ardhi lilichemka mbele ya meza yake. Alimbebea maji mchana kutwa kutoka mtoni. Yule mpima alipoondoka akamwachia kalkuleta, na Oliva, ambaye alihesabu nyanya zake kwa vidole na hakukosea kamwe, akanipa mimi niende nayo chuoni. "Hesabu zikikushinda uiulize hiyo," alisema. "Ikishindwa na yenyewe, rudi nyumbani." Nikiwa Mbeya nilikuwa sina hesabu za kufanya. Kila Jumapili niliiwasha nikahesabu siku nilizokaa mbali na nyumbani, kisha saa, kisha dakika, nikaizima.

Jumapili ile niliiwasha nikabonyeza kitufe cha nane mara nane, mpaka dirisha likajaa. Sijui kwa nini nane. Kidole kiliangukia pale. Na nikaona.

Kila tarakimu ya kalkuleta za zamani zile ilijengwa kwa vistari saba. Ukiandika nane, vyote saba vinawaka. Vinne vimesimama, vitatu vimelala: cha juu, cha kati na cha chini. Nilikuwa na nane nane mbele yangu, zimejipanga mstari mmoja. Ukisahau vile vilivyosimama, unabaki na safu tatu zilizolala, kila safu ina vistari vinane. Nikauchukua mchoro wangu wa kile kidude, nikahesabu uwanja. Safu tatu. Kila safu nafasi nane.

Nilihesabu tena, mara tatu. Kisha nikafungua kalkuleta ya dada yangu.

Skrini mpya msiiamini kabla ya kuiuliza. Nilichukua betri mbili na rizista moja, nikagusa mguu mmoja wa skrini na upande huu wa betri, mwingine na upande ule, nikaandika ni kistari gani kimewaka. Nikagusa mwingine, nikaandika. Rizista msiisahau; bila hiyo kistari kinawaka mara moja kwa furaha na hakiwaki tena. Halafu nikafanya hivyohivyo upande wa kidude: mchezo ukiwa unaendelea, nikafuata kwa mita ni waya gani unapeleka nini wapi. Nyaya nilizipata kwenye transfoma mbovu. Zimepakwa vanishi, kwa hiyo kila ncha niliikwangua kwa wembe mpaka shaba ikang'aa, maana risasi ya kulehemu haishiki juu ya vanishi hata uiombe. Nyaya kumi na moja: nane za nafasi, tatu za safu. Miguu ya vistari vilivyosimama niliiacha wazi bila kuiunga na kitu. Siku tatu nilitumia, pamoja na kukosea mara mbili. Mara ya kwanza timu nzima ilirudi nyuma badala ya kwenda mbele.

Dirisha nililitengeneza kwa kipande cha kioo cha fremu ya picha, nikakibandika karatasi nyekundu ya peremende. Nilipowasha, uwanja ukawaka. Ulikuwa mdogo, nusu ya ule wa kwanza, na wachezaji wamekuwa kama punje za ulezi. Lakini walikimbia.

Mzee Sudi alicheza dakika nzima. Kisha akasema, "Msomi, kumbe una mikono," na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba. Nikaichukua kalkuleta yangu iliyobaki bila uso nikaiweka chini ya kitanda. Siku zangu mbali na nyumbani hazikuhesabiwa tena na mtu.

Jumatatu Mzee Ambakisye alikuja na mkungu wa ndizi kutoka Tukuyu. Nilimpa kidude. Akakiwasha, akakileta karibu na macho.

"Gwe! Mbona wachezaji wamekonda hivi?"

"Skrini ya zamani ilishindikana, mzee. Nimeweka nyingine."

"Yaani chai tu! Chai yangu tu imeua uwanja mzima." Alitikisa kichwa. Akafunga goli, akashtuka kwa mlio, akacheka mkono ukiwa mdomoni. Kisha uso ukawa mzito tena. "Ila bosi atajua. Huu si uleule, mtoto ataona. Sitamficha. Bosi anarudi Ijumaa. Nitamwambia nilicheza na nilimwaga chai. Akinifukuza nimefukuzwa, lakini nitamwambia pia kuna fundi Mbeya ameniokoa kidogo." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akupe, mwanangu."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Mdomo niliufungua. Niliwaza, nikisema sasa atakasirika. Nikisema kesho atakuwa ameondoka. Nikisema nusu atauliza nusu nyingine. Nilipomaliza kupanga, alikuwa ameshafika barabarani.

Jumanne na Jumatano sikula zile ndizi. Alhamisi nilimwambia Mzee Sudi nataka ruhusa ya kwenda Igowole.

"Kufanya nini?"

"Kumwambia ukweli."

"Ukweli upi? Wewe mwenyewe hujui kama ile safu ingepona!"

"Sijui. Lakini najua haikuwa giza nilipoishika mimi."

Aliposema tena hakuniita Msomi. "Sikiliza. Mashamba ya chai yote huko yanatuletea redio zao. Wanatuletea kwa sababu ya jina. Ukienda kwa Mzungu ukamwambia tunachoma vitu vya watu kwenye mkaa, umelisema jina langu, si lako. Nenda ukitaka. Ila ukienda, usirudi kwenye meza hii."

Hakuwa mtu mbaya. Nawaomba muelewe hivyo. Alikuwa ameiendesha ile karakana tangu sijazaliwa, na alikuwa na hofu yake kama mimi nilivyokuwa na yangu. Na ile meza ilikuwa kitu pekee Mbeya kilichokuwa na nafasi yangu. Nilifungasha bisibisi yangu moja, ya kwangu mwenyewe, nikaacha nyingine zote zimepangwa.

Ijumaa alfajiri nilipanda basi la Iringa, nikashuka Mafinga, nikapata lori la mbao mpaka Igowole, kisha nikatembea kati ya chai. Ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba wachumaji niliwasikia wakiimba na sikumwona hata mmoja. Njia nzima nilipanga maneno. Nilikuwa na namna sita za kuanza.

Mzee Ambakisye alinifungulia mlango wa jikoni, mikono ina unga.

"Kulikoni? Umesahau bisibisi?"

Zote sita zikapotea. "Shikamoo mzee. Chai haikuua skrini. Safu ya juu ilikuwa hai. Nilikiweka karibu na jiko kikauke, nikatoka, nikachelewa. Niliiunguza mimi."

Aliendelea kukanda mkate. Alikanda muda mrefu.

"Jumatatu nilikushika mkono," alisema. "Mbona hukusema?"

"Niliogopa."

"Mimi nilikuambia nimecheza kitu cha mtoto wa watu. Mke wangu sijamwambia. Mchungaji sijamwambia. Nilikuambia wewe."



Akafunika unga kwa kitambaa. "Wako sebuleni, wamefika saa hii. Nilitaka wanywe chai kwanza ndipo niseme."

"Twende wote, mzee."

"Wewe unapoteza nini?"

"Mzee Sudi amesema nikija huku nisirudi."

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie. "Basi nawa mikono," alisema. "Una vumbi."

Sebule ilikuwa na moto mkubwa ukutani na masanduku ya safari bado hayajafunguliwa. Bosi alikuwa amekaa na koti lake. Binti yake, wa miaka kama tisa, alikuwa sakafuni. Mzee Ambakisye akaweka kidude mezani, akasimama wima, akasema kwa Kiingereza chake cha jikoni kwamba alicheza bila ruhusa na akamwaga chai. Hakuomba chochote. Binti akakichukua, akakiwasha, akasema, "Baba, wamekuwa wadogo."

Bosi alikipokea. Alipitisha kidole juu ya karatasi ya peremende, akageuza, akaona pembeni pale plastiki ilipokunjamana. Uso ukaanza kumwiva.

"Chai ndiyo imefanya yote haya?"

Mzee Ambakisye hakujibu. Hakunisukuma wala hakunifunika. Alitazama mbele tu, akaniachia nafasi iliyokuwa ya kwangu.

Nilichelewa kidogo, kama kawaida yangu. Kisha nikapiga hatua, nikanyoosha mkono, na yule bosi, pengine kwa kushangaa tu, akanipa. Nikakilaza mezani, nikatoa bisibisi mfukoni, nikafungua skrubu nne na kuzipanga moja moja juu ya kitambaa mahali zilipotoka. Nikainua mgongo wa kidude. Nikamwonyesha doa la kahawia lililoanzia kwenye ukingo wa swichi na kufika kona moja ya bodi.

"Chai iliishia hapa," nilisema. Nikasogeza ncha ya bisibisi mpaka pale plastiki ilipoanza kukunjamana. "Kuanzia hapa ni moto, na huo moto ni wangu."